Vetle Azima Roboti Yake

Kila asubuhi, akishavua viatu vyake vya matope mlangoni, Tiril alifungua kabati la darasa, akaitoa roboti na kuiweka juu ya dawati la tatu karibu na dirisha. Ilikuwa nyeupe, yenye shingo na macho mawili, wala haikuzidi ukubwa wa birika. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Vetle kabla hajapata saratani ya damu. Sasa alisomea nyumbani, mwendo wa dakika kumi tu kutoka shuleni, akiliona darasa kwa macho ya roboti na kujibu maswali kupitia roboti hiyo hiyo. Wenzake walimsikia, ila hawakumwona.

Tiril ndiye aliyekabidhiwa roboti hiyo, na kazi aliifanya vizuri hata nusura aote mapembe. Chaji haikuisha, mtandao haukukatika. Kengele ya mapumziko ikilia, aliirudisha kabatini isije ikaangushwa, kisha akatoka mbio kucheza. Siku za Alhamisi, darasa zima liliposomea msituni na kuchoma soseji, roboti ilibaki kabatini kutwa. Tiril alisema mvua ya mji wao wa Elverum na umeme haviivi chungu kimoja. Kwa kina Vetle hakuwa ametia mguu tangu Agosti. Aende kufanya nini, na kila siku wako pamoja darasani?

Jumatatu moja ya Oktoba taa ya roboti haikuwaka. Jumanne hali ikawa ile ile. Tiril alibadilisha waya, akampigia fundi, na fundi akasema mashine ni nzima. Sigve, ambaye hajui kunyamaza, akamwambia mbele ya darasa zima kwamba mlezi wa roboti ameiua roboti. Maneno hayo yalimchoma. Masomo yalipokwisha aliibeba roboti mpaka kwa kina Vetle.

Mama yake Vetle alimwambia anawe mikono, akampa barakoa. Vetle alikuwa sebuleni, amekonda, kichwani hana hata unywele mmoja. Tiril alishtuka.

"Nimekuja kuitengeneza," alisema.

"Haijaharibika. Nimeizima mimi, nikiwa hapa hapa."

"Kwa nini sasa?"

"Mimi nawaona nyinyi. Mimi nani ananiona? Kengele ikilia tu, unanifungia kabatini. Mapumziko yote natazama fagio, Tiril."

Tiril alitaka kujitetea kwa habari za chaji na mtandao, akaacha. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Nisamehe. Nilikuwa naitunza mashine, nikakusahau wewe."

"Sawa. Lakini sirudi tena. Mwambie Gunnvor."

Gunnvor alikuwa mwalimu wao, na kama ilivyo kwa walimu wote huko, watoto walimwita kwa jina lake tu. Hakumgombeza Tiril. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiisifu roboti bila kumuuliza Vetle anajisikiaje. Basi wakapanga mambo, kwa kuwa mgonjwa haulizwi uji. Alhamisi hiyo darasa lao, la sita A, lingeshindana na la sita B kutafuta vituo kumi msituni kwa ramani na dira, na shuleni hapo hapakuwa na msoma ramani aliyemfikia Vetle. Jumatano jioni Tiril alimpelekea nakala ya ramani. Alimwambia wanamtegemea, na asipowasha watapotea. Vetle alisema ataona.

Alhamisi Tiril aliifunga roboti kifuani kwa mbeleko ya mdogo wake, akaifunika kwa plastiki nyepesi ya kuzuia mvua. Mtandao ulitoka kwenye simu ya Gunnvor, aliyekimbia nyuma yao akihema. Filimbi ikapulizwa, taa haikuwaka. Vituo sita walivipata kwa kubahatisha. Walipokuwa wakitafuta cha saba walizama matopeni hadi magotini, na mbele yao la sita B wakasikika wakicheka. Sigve akasema wamekwisha.

Ndipo taa ikawaka.

"Rudini nyuma hadi kwenye mwamba, halafu mshike kushoto," sauti ya Vetle ilisema. "Na wewe Tiril, acha kuhema kama farasi, picha inacheza."

Wakarudi kwenye mwamba, wakashika kushoto. Kituo cha saba, cha nane, cha tisa, cha kumi! Walitokeza kwenye uwanja wa mwisho dakika mbili mbele ya la sita B, na jina lililosikika msitu mzima lilikuwa la Vetle. Tiril alilia kwa furaha bila kujificha.

Kabla ya kurudi shuleni, Gunnvor aliwapitisha kwa kina Vetle. Wakasimama bustanini.

"Mashine imetuletea sauti yake, na tunaishukuru," aliwaambia. "Lakini mashine haiwezi kumkumbuka mtu wala kumtembelea. Kazi hiyo ni yetu."

Vetle akaja dirishani, kichwa wazi, akatabasamu. Wengi walikuwa hawajamwona tangu kiangazi. Akafungua dirisha kidogo.

"Kesho anakuja nani?" aliuliza.

Mikono ishirini na mmoja ikanyooka, pamoja na wa Gunnvor.