Kengele ya Kurudi Nyuma

"Noémie, baba yako anakataaka kuitikia salamu juu ya majivuno, ao masikio yake ilikufa?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Clémentine, jirani wa ukuta mmoja, alimuuliza Noémie asubuhi moja kwenye foleni ya maji katika kambi ya reli ya Kamina. Wanawake wengine walinyamaza ili wasikie jibu. Noémie alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa shule ya Wamethodisti, na alikuwa amefundishwa kutomdanganya mtu mzima.

"Baba anachokaka, Mama," alijibu. "Kazi ya moto ni nguvu."

"Anachoka masikio?" Mama Clémentine aliuliza, na foleni nzima ikacheka.

Noémie alijitwika ndoo yake akaondoka. Alijua ukweli kuliko wote waliocheka. Baba yake, Salomon, alikuwa mchochea moto kwenye gari la moshi. Kwa miaka mingi alikuwa akitupa makaa ndani ya tanuru huku mvuke na chuma vikipiga kelele kando ya kichwa chake. Kidogo kidogo masikio yake yalikuwa yamefungwa. Nyumbani alitazama midomo ya watu ili ajue wanasema nini. Mtu akimwita kwa nyuma, hakugeuka. Dereva wake alikuwa ameanza kulalamika, na kila mtu kambini alijua kwamba mchochea moto akiondolewa kazini, nyumba yake ya matofali inapewa mwingine, naye anakwenda kutafuta mahali pa kulala na watoto wake.

Ndipo habari ikafika kwamba meli za mizigo za mto Lualaba, zile zinazoondoka Bukama, zinatafuta watu wa chumba cha mashine. Fundi mkuu wa meli hizo angekuja Kamina kuwapima wachochea moto waliotaka kwenda huko.

"Kule hakuna muntu ananijua," Salomon alimwambia binti yake jioni ile. Mama yake Noémie, Hulda, alikuwa kwenye maombi ya wanawake. "Fundi anatakaka vitu hivi: muntu alishachoma moto miaka mingi. Minyi nilichoma. Anajua kuangalia maji ndani ya kioo cha boila. Minyi najua. Mapafu nzima, macho nzima. Niko nayo." Alisita. "Na kusikia kengele."

Alimweleza. Mtu wa chini ya meli haoni mto. Kapiteni yuko juu, naye akitaka kitu anavuta kengele. Mlio mmoja ni kwenda mbele, miwili ni kusimama, mitatu ni kurudi nyuma. Siku ya kupimwa, fundi angepiga kengele nyuma ya mgongo wa mtu anayetupa makaa, na mtu huyo angepaswa kuitikia kwa mkono.

"Weye utasimama kwa lupango na beseni ya chakula juu ya kichwa, sawa watoto wanaleteaka baba zao chakula," Salomon alisema, na kwa neno lupango alimaanisha ua wa waya uliozunguka karakana. "Kengele ikilia moja, shika beseni na mukono moja. Ikilia mbili, shika na mikono yote mbili. Ikilia tatu, tula beseni chini, kwa udongo. Minyi nitakuangalia weye."

"Na kwenye bato, ndani ya meli, Baba? Nani atabeba beseni?"

Aliuliza kwa nia njema. Kofi lilimpata kabla hajafunga mdomo.

"Kwenye bato nitasikia na miguu," baba yake alisema. "Mashine inatetemekaka. Weye fanya kazi yako."

Wakafanya mazoezi jioni baada ya jioni, Hulda akiwa kwenye maombi, beseni likiwa limejaa maji. Kila Noémie alipochelewa, au maji yalipomwagika, Salomon alimpiga kwa mkanda miguuni, kisha akamwambia aanze tena. Mama yake alipouliza alama zile zimetoka wapi, Noémie alisema ameanguka. Huo ukawa uongo wake wa kwanza kwa mama yake, naye usiku ule hakulala vizuri.

Siku ya kupimwa ilipofika, wanaume walipangwa mstari mbele ya boila ya zamani iliyokuwa kwenye ua wa karakana. Fundi mkuu alikuwa Mbelgiji mfupi aliyeitwa Bwana Amédée. Alijua Kiswahili cha kazini na hakukitumia kwa upole. Aliwavua mashati, akawagonga vifua kwa vidole.

"Weye unakohoa," alimwambia mmoja. "Chumba cha mashine hakina dirisha. Utakufia humo, na minyi nitapata kazi ya kukutosha inje. Rudi kwa bibi yako." Mwingine aliulizwa maji yakipungua kwenye kioo afanye nini. Alijibu kwamba ataongeza moto. Bwana Amédée aliwageukia wanaume wa mstarini akasema, "Mutazame huyu muzuri. Huyu njo ataua wote siku moja." Wakamcheka mpaka alipotoka getini, na hata wale waliokuwa na hofu ya zamu yao walicheka.

Zamu ya Salomon ilipofika, alijibu vizuri juu ya kioo, juu ya majivu, juu ya namna ya kutandaza makaa ili moto usife upande mmoja. Macho yalikuwa mazima, na mapafu pia. Kisha akashika koleo, akaanza kutupa makaa. Tanuru ilinguruma. Noémie alikuwa amesimama nje ya ua, upande ule ambao baba yake angeweza kumwona kila alipoinua uso.

Kengele ikalia mara moja. Noémie akashika beseni kwa mkono mmoja. Salomon akainua mkono: mbele.

Ikalia mara mbili. Noémie akashika kwa mikono miwili. Salomon akaonyesha: simama.

"Huyu iko na masikio," Bwana Amédée alisema. Kisha akaacha kamba ya kengele na kuwageukia waliokuwa wakingoja. "Musifikiri ni mchezo. Ya tatu njo kubwa. Mwaka jana tuliandika mutu kazini, akasema anasikia. Alidanganya. Tulikuwa karibu na Sanga, mutumbwi wa wanawake wa samaki ukakata mbele ya bato. Kapiteni alivuta kengele tatu. Chini, huyo bwana alikuwa anatupa makaa tu. Gurudumu ya bato, ile inapigaka maji, ilipita juu yao. Tuliokota vitunga. Wanawake, hapana."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari ya mzigo uliopotea, kisha akarudi kwenye kamba yake.

Nkambo yake Suzanne, mama mzazi wa Salomon, aliishi Sanga hiyo hiyo, kijiji cha kando ya mto. Kila meli ilipotarajiwa, alipanda mtumbwi na wenzake na vitunga vyao, vikapu vya samaki waliokaushwa, wakaenda kuwauzia abiria. Noémie alikuwa amewahi kukaa katika mtumbwi ule, kati ya magoti ya nkambo, meli ikija mbele yao kubwa kama nyumba. Hakuna aliyeogopa siku ile. Wote waliamini kwamba mtu fulani, mahali fulani ndani ya chuma kile, anajua kazi yake.

Kengele ikalia mara tatu.

Noémie aliacha mikono yake ining'inie. Beseni lilibaki kichwani.

Salomon aliinua uso akamtazama. Akatupa makaa, akamtazama tena. Kengele ikalia mara tatu kwa nguvu zaidi. Macho ya baba yake yalimwomba, kisha yakamwamuru, kisha yakamtishia. Noémie alilia machozi lakini hakusogea. Mwisho Salomon alibahatisha, akainua mkono mmoja: mbele.

Bwana Amédée aliacha kamba. Alimjongelea kwa nyuma mpaka akawa hatua moja kutoka mgongoni kwake, akamwita jina. Salomon aliendelea kutupa makaa. Mzungu akaokota nyundo, akaigonga kwenye bamba la chuma karibu na kichwa cha Salomon. Wanaume wote mstarini waliruka. Salomon alichota koleo lingine la makaa.

Kicheko kilichofuata, Noémie alikisikia akiwa ameshaanza kukimbia.

Jioni ile ile kambi nzima ilijua. Msimamizi wa karakana alikuwa amesema wazi kwamba mtu asiyefaa meli hafai gari la moshi pia, na kwamba nyumba irudishwe mwisho wa mwezi. Watoto walimfuata Salomon njiani wakipiga makofi nyuma ya mgongo wake, kisha wakaangua kicheko alipokosa kugeuka. Mama Clémentine alisimama mlangoni kwake akisema kwa sauti, "Ah, kumbe haikukuwa majivuno."

Salomon hakumpiga Noémie. Alimwambia mara moja tu, "Nilikulisha na hii mikono, weye ukaniuza mbele ya bantu." Tangu hapo kila Noémie alipotaka kumweleza, baba yake alifumba macho. Mtu anayesikiliza kwa macho akiyafumba, amefunga mlango. Alikataa bukari, ugali ambao binti yake aliupika. Alipita kando yake kama anavyopita kando ya kiti.

Noémie alimweleza mama yake yote: mazoezi, mkanda, uongo wa kuanguka, na habari ya Sanga. Hulda alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliinama akasali kimya, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda karakana kwa miguu.

Alirudi na neno. Kapita Xavier, mkubwa wa wale wanaoingia ndani ya maboila kugonga kutu na magadi, alikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa mchochea moto. Kazi ilikuwa chafu, gizani, kwa nyundo siku nzima. Lakini nyumba ingebaki.

Asubuhi iliyofuata Hulda alikaa mbele ya mume wake, akamshika uso kwa mikono miwili ili asigeuke.

"Fungua macho, Salomon. Kapita Xavier anakungoja leo. Anataka kitu moja tu: useme na kinywa chako mwenyewe, mbele ya wenzako, kama hausikie. Mwenye hasikie, banamufunga kamba kwa muguu, banaivuta wakati wa kutoka. Mwenye anajifanya kusikia, siku moja banawasha moto na yeye iko ndani."

Salomon aliangalia pembeni. "Niseme mbele ya bale banacheka?"

"Mbele yao. Na sasa mutoto atakuambia kitu, na weye utamuangalia."

Noémie akasimama mbele ya baba yake. Alisema pole pole, akifungua kinywa vizuri, jinsi Bwana Amédée alivyosimulia: mtumbwi, kengele tatu, gurudumu, vitunga.

Salomon hakufumba macho. "Mutumbwi ya bantu ya wapi?" aliuliza.

"Ya Sanga, Baba. Banamama ya samaki. Sawa nkambo."

Salomon aliinua mkono kujifunika uso. Hulda hakumwacha apumzike. Alimvuta Noémie kando yake, akasema huku akimtazama mume wake, ili wote wawili wapate maneno yale.

"Mwanangu, bantu watasema uliangusha baba yako. Waache waseme. Ulidanganya minyi juu ya miguu yako, na hiyo utatubu. Lakini kwa lupango ulifanya vizuri. Mwenye kazi ya chini haoni mto, na bantu ya mto hawamuone. Wanamwamini tu. Mungu hakukataza muntu kuwa kiziwi. Alikataza kushuhudia uongo. Ukisema unaweza kazi yenye hauwezi, si weye utakufa kwanza. Atakufa mwenye hakukuuliza kitu."

Nje, watoto wa jirani walikuwa tayari wanangoja njiani, mikono yao tayari kupiga makofi.

Salomon aliinuka. Alivaa koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote mpaka juu, kama siku ya ibada. Alipita mbele ya Noémie, hakumgusa wala hakumtazama. Akatoka, akakata katikati ya watoto wale, akashika njia ya karakana ya maboila, kwa Kapita Xavier.