Simu Haina Pua

“Doniyor, nisikilizishe mafuta.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi! Inama, sogeza kifua karibu na sufuria. Na usijibu kwa sauti, watadhani umerukwa na akili.”

Zulhumor alikuwa jikoni kwao Margilan, mlango ameukomea, simu ameiegemeza kwenye birika. Kwenye kioo aliona moshi, ukingo wa sufuria la chuma ambalo ungeweza kuogeshea mtoto, na mara mojamoja mkono wa mpenzi wake. Doniyor alikuwa amechomeka simu yake kwenye mfuko wa shati, kamera ikitazama nje, na waya wa hedifoni umepanda hadi sikio lililo mbali na wazee. Alikuwa kwenye nyumba ya chai ya mtaa wa kina Zulhumor, mahali ambapo mwanamke hakanyagi siku ya Alhamisi, siku wanaume wanapopikiana pilau.

Na Alhamisi hii mpishi alikuwa Doniyor. Aliyekaa mbele yake na bakuli la chai ya kijani, bila kupepesa, alikuwa usta Qobil, baba yake Zulhumor, mpishi wa pilau za harusi aliyeitwa usta kwa ufundi wake, ambaye bonde zima la Fergana humsubiri kwa zamu.

Masharti aliyatoa mwenyewe usta, siku washenga wa Doniyor walipobisha hodi.

“Fundi wa lifti? Tena wa Tashkent, wanakotia zabibu kwenye pilau kama wanaoka keki? Haya, aje awapikie wenzangu. Sahani zikirudi tupu, Jumapili tunavunja mkate na watu wake. Zikirudi na wali, kesho yake mwenye kinu cha mpunga analeta mkate wa kijana wake, na huo ndio nitakaouvunja.”

Mkate ukishavunjwa mbele ya pande mbili, binti keshaposwa. Hapo hata ulie hadi macho yavimbe, hakuna wa kukusikiliza.

Lakini kuna jambo usta hakulijua. Kule kwenye simu kulikuwa na darasa la pilau liitwalo Upawa, lenye wanafunzi maelfu, na mwalimu wake haonyeshi uso; inaonekana mikono tu na sufuria. Mikono hiyo ilikuwa ya Zulhumor. Doniyor alijiunga kwa njaa ya ukapera na akawa mwanafunzi wa maswali ya ajabu kuliko wote. “Mwalimu, kitunguu kinaniliza, ni kawaida?” Mwalimu akacheka mpaka akakosea kumwaga chumvi. Kutoka hapo ujumbe ukazaa ujumbe, na kabla mwaka haujaisha wakawa hawalali bila kutakiana usiku mwema.

Usta naye darasa hilo alikuwa kalisikia, na alishaapa mezani: “Nikimjua anayemwaga siri za watu kwenye simu, upawa wake nitaukunja mara mbili.” Siku hiyo aliyekuwa akimmiminia chai ni Zulhumor.

“Unayasikia?” Doniyor alinong’ona.

“Nayasikia. Bado yanaguna. Yakinyamaza, tia vitunguu.”

“Kijana!” mzee mmoja alipaza sauti. “Hiyo ni pilau au unatengeneza lifti?”

“Muacheni, anatafuta kitufe cha kupandishia moto!”

Wazee wakaangua kicheko. Zulhumor aliuma kidole. Mafuta yakanyamaza, vitunguu vikaingia.

“Vizuri! Sasa moto wa wastani.”

“Moto umekufa.”

“Ongeza mabua.”

Mabua ya pamba hayo, ndiyo kuni za kwao. Doniyor akasukumia kumbatio zima chini ya sufuria, na moto ukaruka juu kama umetukanwa.

“Mama yangu! Sasa unataka kunila!”

“Punguza! Toa mengine!”

Mzee Mamasoli, kinyozi wa mtaa na rafiki wa usta tangu utotoni, aliinuka kwa huruma kumpiga kijana begani. Kofi la huruma likakamata waya. Hedifoni ikachomoka kwenye simu, na sauti ya Zulhumor ikajaa nyumba ya chai nzima:

“Kitunguu kilie, kisipige kelele! Baba akisikia kinapiga kelele umekwisha, mpenzi wangu!”

Zulhumor alisikia kitu kimoja tu, vitunguu vikichachatika. Halafu akasikia bakuli la chai likiwekwa chini taratibu.

“Hayo maneno ya kitunguu ni yangu,” usta alisema.

Akainama kwenye mfuko wa shati la Doniyor.

“Zulhumor?”

“Naam, baba.”

“Unafanya nini kwenye mfuko wa mwanaume?”

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Zulhumor alitamani ardhi ya jikoni impokee.

“Ngoja, usta, ngoja!” Mamasoli alidakia. “Sauti hiyo naijua mimi! Huyu si mwalimu wa Upawa? Mke wangu anamsikiliza kila siku! Wallahi tangu aanze darasa, pale kwangu sijala tena uji wa wali!”

“Mamasoli, kaa chini.”

“Nakaa, lakini ukweli nimeshasema.”

“Kwa hiyo,” sauti ya usta ilishuka, na ikishuka ndiyo mbaya zaidi, “anayemwaga siri zangu duniani amelala nyumbani kwangu, anakula mkate wangu.”

“Usta, kosa ni langu,” Doniyor alisema. “Mimi ndiye niliyemwomba anisaidie leo. Niadhibu mimi.”

“Wewe vitunguu vyako vinaungua, hebu vikoroge kwanza! Itoe hiyo simu mfukoni. Iweke juu ya tofali, pale, nimwone vizuri. Haya, mwalimu, endelea kufundisha. Tusikie unavyogawa mali ya baba yako.”

Kwenye kioo Zulhumor alimwona Doniyor, uso umejaa masizi, akimtazama yeye na si usta, macho yakisema tupo wote. Zulhumor akavuta pumzi.

“Nyama,” alisema. “Itandaze, usiirundike. Iache ishike rangi upande mmoja kabla ya kugeuza.”

“Imeshika.”

“Karoti za njano. Usizikoroge, zifunike nyama zijipikie kwa mvuke. Bizari nyembamba isugue viganjani kwanza, usiitupe tu.”

“Huo ujuzi pia ni wa usta,” mzee mmoja alinong’ona.

“Nyamaza tusikie!” mwingine akamkemea.

Sauti ya Zulhumor ikakomaa. Mchuzi ukachemka, vichwa vya vitunguu saumu vikazamishwa vizima, na mchele mwekundu wa devzira ukatandazwa juu. Kwa muda alisahau kwamba anasikilizwa na mtu anayetaka kukunja upawa wake. Moyo ulimdunda kwa raha kabisa, kwa kuwa Doniyor alikuwa anafanya kila kitu vilevile alivyomfundisha, na wazee walikuwa wameacha utani.

“Maji yapande juu ya mchele kiungo kimoja cha kidole. Basi. Ongeza moto, na usiguse.”

“Tayari, mwalimu wangu.”

“Mwalimu wangu!” Mamasoli aliguna kwa furaha. “Sisi zamani tuliwaita wake zetu ‘wewe’.”

Mambo yalikuwa yakienda, mpaka Doniyor alipoonja punje.

“Zulhumor. Maji yamekauka.”

“Yamekauka vipi? Mapema hivi?”

“Yameisha yote! Na wali bado, ukitafuna unalia ka, ka!”

Zulhumor alitazama jiko lake la gesi. Hapo ndipo alipofundishia darasa lote, moto mtulivu, sufuria la watu sita. Kiungo kimoja cha kidole kwake kilitosha siku zote. Moto wa mabua na sufuria la watu arobaini hakuwahi kuvishika yeye.

“Linanukaje?” aliuliza haraka.

“Linanuka... pilau.”

Wazee walicheka, yeye hakucheka.

“Doniyor, tafadhali! Ni harufu ya karanga au ya kuungua?”

“Sijui. Wewe umenifundisha kuona, umenifundisha kusikia. Kunusa umenifundisha lini? Simu haina pua, Zulhumor.”

“Basi nifungue kifuniko, au nigeuze wali?” Doniyor aliongeza, sauti imeanza kupanda. “Niambie nifanye nini!”

Zulhumor alifungua mdomo. Wanafunzi maelfu walikuwa wakimwandikia usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kumkuta bila jibu.

“Sijui,” alisema.

“Baba,” aliita. “Baba, unanisikia? Afanyeje? Uliniondoa kwenye sufuria kubwa nilipofika miaka kumi na miwili, ukasema sasa mimi ni binti mkubwa, upawa ni wa wanaume. Hapo ulipoacha kunifundisha ndipo nilipoishia. Nilichojua nimempa chote. Kilichobaki unacho wewe. Nakuomba, baba, afan...”

Picha ikaganda, uso wa Doniyor mdomo wazi. Kisha ujumbe: Mpendwa mteja, bando lako limekwisha.

“Sio sasa! Sio sasa, wewe!”

Alibonyeza, akabonyeza tena. Simu ilimtazama tu. Ndipo Zulhumor alipovuta komeo na kutoka mbio na aproni yake, kandambili zikimpiga visigino.

“We Zulhumor, kuna moto?” jirani aliuliza kutoka bustanini.

“Upo, shangazi! Ndio naukimbilia!”

Mlangoni mwa nyumba ya chai alisita kwa pumzi moja tu. Akaingia.

Aliyoyaona hakuyatarajia. Baba yake alikuwa amekunja mikono ya shati hadi viwikoni. Kwa mpini wa upawa alikuwa anachimba mashimo kwenye wali, na Doniyor akimimina maji ya moto humo kidogokidogo.

“Kidogo, nimesema! Unamwagilia pamba? Haya, vuta mabua yote nje, yabaki makaa tu. Sasa njoo hapa.”

Akamkamata Doniyor shingo na kumwinamisha juu ya mvuke.

“Nusa!”

“Nanusa, usta!”

“Unasikia nini?”

“Kama... kama mkate unaotoka tanuri. Na chini yake kuna kitu kichungu kidogo.”

“Hicho kichungu ndicho kinachokuambia toa moto. Kikizidi, umechelewa. Kikikosekana, bado. Umeshika?”

“Nimeshika!” Doniyor aliinua kichwa, machozi ya mvuke yakimtiririka, anacheka kama mtoto. “Zulhumor! Nimeisikia! Njoo unuse!”

Usta aligeuka. Baba na binti wakatazamana, na mzee mmoja akakohoa ili kuwakumbusha watu kwamba hapa huwa haingii mwanamke.

“Kohoa vizuri au unyamaze,” usta alimwambia bila kumtazama. “Zulhumor, umesimama nini? Njoo unuse, mvuke haumsubiri mtu.”

Alinusa. Harufu ile alikuwa hajaikaribia tangu utotoni, akaitambua papo hapo, na akalia waziwazi mbele ya wanaume wote. Usta akafunika wali, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Hao watu wako,” alisema wakati wakisubiri uive. “Wanakuandikia nini?”

Doniyor akamkabidhi simu yake iliyokuwa bado na bando. Zulhumor akafungua darasa, akasoma ujumbe wa kwanza aliouona:

“‘Mwalimu, niko ugenini, Busan, nafanya kazi kiwandani. Leo nimepika kama ulivyosema. Tulikuwa saba chumbani, hakuna aliyeongea mpaka sahani ikaisha. Mmoja wetu alitoka nje kulia. Mungu akubariki, wewe na aliyekufundisha.’”

“Soma tena hapo mwisho,” usta alisema.

“‘Wewe na aliyekufundisha.’”

“Hmm.” Akageukia dirishani. “Ungeniambia, mwanangu.”

“Ungenikunjia upawa, baba.”

“Ningekunja, ndiyo,” alikiri. “Halafu ningeunyoosha.”

Sahani zikapakuliwa. Wali ulikuwa bado na ugumu kwenye kiini, na ukoko wa chini ulikuwa umekula moshi. Wazee walikula. Zulhumor na Doniyor walisimama bega kwa bega, kila mmoja akihesabu matonge ya wazee kwa macho. Mamasoli alilamba vidole, akasukuma mbele sahani nyeupe.

“Tupu! Na wengine onyesheni!”

Sahani zikainuliwa moja moja, tupu.

“Lakini usta, kuna swali la sheria,” alisema yule mzee wa kukohoa. “Mkono wako umeingia. Pilau hii ni ya nani? Kijana kashinda au kashindwa?”

Zulhumor alimshika Doniyor mkono bila kujua. Usta aliuona mkono huo. Alitafuna tonge lake la mwisho bila haraka yoyote.

“Wali ni mgumu,” alisema. “Moto hajui. Kitunguu alikiunguza. Lakini alipoulizwa asilolijua, alisema sijui mbele ya watu arobaini, na huyu mwalimu wake naye akasema sijui. Mimi wanafunzi wangu wote tangu nianze hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo, ndiyo maana wakiharibu wali wa watu nalipa mimi.” Akanywa chai. “Mamasoli, ukitoka hapa pitia kwa mwenye kinu. Mwambie kesho asijisumbue na mkate.”

Nyumba ya chai ikalipuka. Doniyor akamnyanyua Mamasoli badala ya Zulhumor, kwa kuwa kumnyanyua Zulhumor hakuruhusiwa.

“Na wewe fundi wa lifti! Kila Alhamisi uko hapa, kwenye moto, mpaka nikuambie basi.”

“Kila Alhamisi, usta!”

“Na mwalimu wako atakuja naye. Anayeona vibaya akale kwake.”

Jumapili ua ulijaa. Mjomba wa Doniyor alishika upande mmoja wa mkate mkubwa, usta akashika wa pili. Zulhumor alikuwa ameweka simu dirishani, na darasa zima la Upawa lilikuwa linatazama. Kwa mara ya kwanza waliuona uso wa mwalimu wao.

“Hiyo simu iko hewani?” usta aliuliza.

“Iko, baba.”

“Isogeze.”

Mkate ukavunjika kwa mlio mkavu, mzuri. Wanawake wakapiga vigelegele. Doniyor alimtazama Zulhumor kutoka upande wa pili wa ua, na wote wawili wakashindwa kuficha meno.

“Nyie wa kwenye simu,” usta alisema, ameinua kipande chake hadi kwenye kamera. “Mmeuona, mmeusikia. Harufu yake humo haipiti, hata binti yangu awe mwalimu namna gani. Anayeitaka aje harusini, nitampikia mwenyewe.”

Wa kwanza kujibu alikuwa yule wa Busan: “Usta, nakata tiketi.”