Kadi Yenye Mizio Miwili

Kila asubuhi nilikuwa naamka, nachota maji, nafagia mbele ya mlango, nakunywa chai, kisha naenda shule. Mama aliniuliza, "Umelala vizuri?" Nikajibu ndiyo. "Umeshiba?" Ndiyo. Hata angeniuliza kama nyumba inaungua, huenda ningejibu ndiyo na kuendelea kufunga viatu. Tangu bibi yangu afariki wakati wa likizo, hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sikulia msibani wala baada ya msiba. Nilisikia shangazi akimnong'oneza mama kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umenyamaza tu, na mimi sikuwa na hamu ya kuuamsha.

Darasani nilikaa dawati moja na msichana tuliyemwita Redio, kwa sababu alianza kuongea kengele ya asubuhi ikilia na kumaliza ya jioni ikilia. Mimi, baada ya msiba, aliniita Bubu. Hakuwa na nia mbaya. Alisema sasa dawati letu lina haki na usawa: mmoja anaongea kwa niaba ya wawili, mwingine anasikiliza kwa niaba ya wawili. Sikukasirika. Hata kukasirika kunataka nguvu.

Kitu kimoja tu nilikifanya bila kusukumwa, nacho ni kompyuta. Mwalimu wa kompyuta, mtu mwembamba aliyefunga mkono mmoja wa miwani yake kwa uzi, alituruhusu wanachama wa klabu kubaki baada ya masomo. Nilipapenda pale. Kompyuta haikuulizi unaendeleaje.

Jumatatu moja mwalimu alikuja na kazi. Nesi wa shule alikuwa amepata kompyuta mpya, na kadi za afya za wanafunzi mia mbili na kumi na nne zilikuwa bado kwenye ile ya zamani. Kompyuta ya zamani iliweza kuzitoa zote katika faili moja refu, lililoandikwa kwa mtindo unaoitwa XML.

"Msiogope jina," mwalimu alisema. "Ni masanduku tu. Kila sanduku lina lebo ya kulifungua na lebo ya kulifunga. Ndani ya sanduku la kadi kuna sanduku la jina, la darasa, la simu ya mzazi, na la mzio. Mzio ni nini?"

"Ni kitu ambacho mwili wa mtu haukikubali," mmoja wetu alijibu. "Chakula, dawa, hata vumbi."

"Vema. Nataka programu itakayofungua masanduku hayo, itoe kilichomo, na kukipanga kwenye jedwali. Mwanafunzi mmoja, mstari mmoja. Nani ataiandika?"

Wote tukatazama dari. Redio, ambaye hata hakuwa mwanachama, alikuwa amekaa dirishani akinisubiri twende nyumbani. "Mpe Bubu, mwalimu," alisema. "Huyu hapotezi muda kwa maneno."

Basi nikapewa mimi.

Programu yangu ya kwanza ilisoma kadi arobaini na moja, ikagoma. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Kumbe kwenye sanduku la simu mzazi mmoja alikuwa ameandika "Baba & Mama", na ile alama ya katikati ina kazi yake maalumu katika XML. Kompyuta ikiiona inasubiri kitu kingine kifuate, kisipofuata inakata tamaa. Nikairekebisha. Siku ya pili ikagoma kwenye kadi ya mtoto ambaye hakuwa na sanduku la simu kabisa. Programu ilikwenda kufungua sanduku lisilokuwepo, ikaanguka. Nikaifundisha: usipolikuta, andika "hakuna" uendelee. Niliyazoea yale maandishi mekundu. Yanakuambia kosa liko mstari gani, unakwenda, unalitengeneza, mnasameheana.

Nilipokuwa nikilitafuta kosa la pili, macho yangu yalipita juu ya kadi moja yenye masanduku mawili ya mzio, moja chini ya jingine. Niliyaona. La juu lilisema karanga. La chini sikulisoma. Nikajiambia huenda aliyeandika alirudia kwa bahati mbaya, nitaangalia kesho. Kesho ikafika, sikuangalia.

Siku hiyo programu ilikwenda mwanzo mpaka mwisho bila neno jekundu hata moja. Chini kabisa iliandika: kadi 214.

"Umezilinganisha na kadi za zamani?" mwalimu aliniuliza. "Moja moja, zote?"

Nilikuwa nimelinganisha tatu: mbili za mwanzo na yangu.

"Ndiyo, mwalimu. Zote."

Uongo ule haukunichoma. Ulinitoka kama pumzi tu. Mwalimu alinishika bega akasema hongera, na Ijumaa nesi akaanza kulitumia jedwali langu.

Jumatatu iliyofuata Redio alikuja shule hana sauti. Wanafunzi wakacheka kwamba redio imeishiwa betri, naye akacheka pia, bila sauti, kisha akalaza kichwa kwenye dawati. Kufika saa nne alikuwa hawezi kukiinua. Mwalimu wa darasa akaniambia nimpeleke kwa nesi. Nilimshika mkono njia nzima. Mkono ulikuwa wa moto.

Nesi alimmulika kooni kwa tochi, akampima joto, akakunja uso. "Thelathini na tisa na nusu. Huyu aende hospitali sasa hivi. Mwanangu, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

Redio aliinua mabega kidogo. Hakujua. Watoto wengi hatujui vitu kama hivyo, wanaojua ni mama zetu.

Nesi akafungua jedwali langu, akaandika karatasi ya kwenda nayo hospitali: jina, umri, joto. "Mzio, karanga," alisoma. "Karanga tu. Kwa hiyo dawa hazina tatizo." Dereva wa shule na mwalimu wa darasa wakamwingiza Redio kwenye gari, wakaondoka. Hospitali ilikuwa mtaa wa pili.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba, nimeshika sweta la Redio.

"Rudi darasani, binti," nesi alisema.

Sikuondoka. Karanga. Neno hilo nililiona juu ya neno jingine. Labda ilikuwa kadi ya mtu mwingine. Watoto wasiokula karanga si mmoja. Nikisema, itajulikana kwamba sikukagua, na kwamba nilidanganya. Nikinyamaza, labda hakitatokea kitu. Niliyawaza yote hayo bila moyo kwenda mbio, kama mtu anayesoma mambo ya watu wengine. Hofu haikuja kunisukuma. Ilibidi nijisukume mwenyewe.

"Nesi, huenda kuna mzio mwingine."

"Wa nani?"

"Wa Redio. Sina uhakika. Programu yangu inafungua sanduku la kwanza tu la mzio. Kama yako mawili, la pili inaliacha, na haisemi kitu. Niliona kadi yenye mawili. Sikuangalia ni ya nani."

"Mwalimu wako aliniambia umezikagua zote."

"Nilimdanganya."

Nesi alikuwa ameshachukua simu. Ya hospitali ilikuwa inatumika. Akapiga ya mwalimu wa darasa. "Mwambie daktari asimpe huyo mtoto dawa yoyote mpaka nipige tena. Yoyote. Ndiyo, nasubiri." Kisha akanigeukia. "Faili la zamani liko wapi?"

Nilikimbia hadi chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuwa peke yake. Nilimweleza kila kitu, kwa maneno mengi kuliko niliyosema mwezi mzima. Alifungua faili, akatafuta jina, akateremka taratibu kwa kidole. Sanduku la mzio: karanga. Chini yake, sanduku la mzio: penisilini.

Alimpigia nesi simu akisimama. Vidole vyake vilitetemeka akibonyeza namba. Nikatazama vya kwangu. Vilikuwa vimetulia kabisa, na hilo ndilo lililonishangaza.

Baadaye tuliambiwa kwamba daktari alikuwa ameshaagiza sindano ya penisilini. Ilikuwa imejazwa, iko kwenye sinia, muuguzi anatafuta pamba. Redio akapewa dawa ya aina nyingine.

Mchana mwalimu aliniambia, "Kaa." Hakupaza sauti. Alinitaka nibadilishe lile agizo la sanduku la kwanza tu, programu ifungue masanduku yote ya mzio yaliyomo kwenye kadi, yawe mawili au kumi. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Kisha akasema, "Sasa hesabu mizio yote iliyomo kwenye faili la zamani. Hesabu na iliyomo kwenye jedwali ulilotukabidhi."

Faili la zamani lilikuwa na mizio sitini na mitatu. Jedwali langu lilikuwa na hamsini na mmoja.

"Kumi na miwili imekwenda wapi?"

"Niliiacha njiani, mwalimu."

"Nisomee ni ya nani."

Zilikuwa kadi tisa. Nilisoma majina kwa sauti, naye akayaandika kwa mkono ili nesi ayapate siku hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye akiumwa na nyuki anaishiwa pumzi. Mapacha wawili, dawa ile ile. Nahodha wa timu ya mpira, mizio minne, nami nilikuwa nimemwandikia mmoja tu. Hawa wote niliwafahamu kwa sura.

"Kompyuta haikukosea," mwalimu alisema nilipomaliza. "Uliiagiza kitu kimoja, ikakupa kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini safari hii wewe uliikatisha mwenyewe, na hilo nimeliona. Kesho utakwenda hospitali na nesi. Utamweleza mama yake Redio kwa mdomo wako."

Kesho yake, baada ya masomo, tukaenda. Redio alikuwa amekaa kitandani, shingo imefungwa kitambaa. Mama yake alikuwa ukingoni mwa kitanda, anamenya chungwa. Nikamwamkia, nikaeleza: nilifanya nini, niliona nini, nilidanganya nini. Sikupunguza wala sikupamba. Nilipomaliza, chungwa lilikuwa bado mkononi mwake, nusu limemenywa.

"Ile kadi niliijaza mimi," alisema. "Akiwa na miaka minne walimchoma sindano hiyo. Alivimba mpaka macho hayaonekani. Nilikaa naye usiku kucha namhesabia pumzi. Ndiyo maana siku ya kumwandikisha shule niliandika kwa herufi kubwa. Nilitaka mtu yeyote atakayeisoma asipite."

"Nilipita, mama," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alikata kipande cha chungwa akampa mwanawe, akakata kingine akanipa mimi.

"Kumbe Bubu anaongea," Redio akasema kwa sauti iliyokwaruza kama bati. "Na katika maneno yote ya duniani, ameanza na haya."

Mama yake akamwambia anyamaze, koo bado ni bovu. Redio hakunyamaza.

Tulirudi kwa miguu, nesi na mimi. Tulipita kando ya ukuta mfupi wa uwanja wa hospitali.

"Nimefanya kazi ya kutibu miaka ishirini na miwili," nesi alisema. "Mgonjwa anayelia hanitishi sana. Analia, najua pa kumshika. Anayenitisha ni yule aliyekufa ganzi mguu. Anakanyaga msumari, haumii, anaendelea kutembea, na jioni ndipo watu wanaona damu kwenye kiatu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, nesi."

"Ulifiwa, ukafa ganzi. Hilo si kosa, na sitaki mtu akwambie ni kosa. Kosa lako ni kusema umetazama hali hujatazama. Mwanangu, kusema kweli hakungoji mpaka mtu ajisikie vibaya. Jana hukusikia hofu wala uchungu, na bado ulisema. Ndiyo maana yule mtoto leo anakula chungwa. Sasa shika hili: siku ambayo moyo haukuambii kitu, usiuulize. Rudi kwenye kazi yako, uhesabu mara mbili."

Tulitembea hatua chache. Nilimwona tena yule mama akihesabu pumzi za mtoto wa miaka minne, moja, mbili, tatu, mpaka asubuhi. Miguu yangu ikaanza kutetemeka. Nilijaribu kuizuia, haikuzuilika.

"Nesi, miguu yangu."

Alitazama, akanishika kiwiko, akanikalisha kwenye ule ukuta. Akakaa kando yangu, akaweka mkoba wake magotini kama mtu asiye na haraka.

"Inauma?"

"Inauma," nikasema. "Yote."

"Haya," alisema. "Tutakaa hapa mpaka uweze kutembea."

Tulikaa sana.