Nubia Apima Maji Yake

Miaka kumi na sita Nubia aliosha malori mjini Barrancabermeja. Asubuhi alikaanga arepa, vile vimkate vya mahindi, kisha akashika mpira wa maji pamoja na waoshaji aliowaajiri. Hakuna dereva aliyeondoka uani kwake na tope gurudumuni.

Mwaka huo wavuvi walilalamika kuwa samaki wa bwawa lililo chini ya ua wake wananuka dizeli. Ofisi ya mazingira ikampa Nubia siku thelathini: alete kipimo cha mafuta katika maji yake machafu, la sivyo afunge.

Nubia akachota maji kwa ndoo. Akaisuuza chupa ya plastiki ya soda mara tatu kwa maji yaleyale, akaijaza, akampelekea jirani yake Ludivia, mfanyakazi wa maabara.

"Jirani, haya ya kunywa?" Ludivia alimtania.

"Ya kupima. Au leo umesahau macho nyumbani?"

"Ninayo. Mafuta mengine yamebaki kwenye ndoo, mengine yamegandia plastiki. Nikiyapima haya, nitapima uongo."

Uongo huo ungemfaa Nubia, kwa kuwa ungeonyesha mafuta kidogo, na alilijua hilo. Lakini miongoni mwa wavuvi wale alikuwamo Eliécer, kaka yake wa tumbo moja.

"Basi nifundishe," alisema.

Ludivia akampa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, safi na kavu. Alimwambia asiisuuze kwa maji ya kupimwa. Aikinge pale pale mfereji wa maji machafu unapotokea uani, wala asiijaze pomoni. Maabara itatia asidi kidogo ili vijidudu visile mafuta, na chupa itakaa kwenye barafu. Wakati wa kupima watatumia maji yote, kisha wataisuuza chupa kwa dawa ya kuyeyusha mafuta, lisipotee hata tone.

Kipimo kikatoka: mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa.

Nubia aliwasomea waoshaji wake karatasi ile bila kuficha neno. Wakafunua shimo la kunasia mafuta. Lilikuwa limejaa tangu Pasaka, na mafuta yalikuwa yakipita juu kwenda bwawani. Wakayakomba, wakayatia kwenye mapipa ya kampuni inayokusanya mafuta machafu. Tangu hapo, kila Jumamosi ikawa siku ya kukomba shimo.

Siku ya ishirini na tisa kipimo kipya kilikuwa chini ya kiwango. Nubia akapeleka karatasi zote mbili ofisini.

Karani alishangaa. "Mama, hii mbaya hatukuijua. Umeileta ya nini?"

"Iandike," alisema Nubia. "Zote mbili ni maji yangu."