Siri ya Plamedie Katika Simu za Watu

Ndugu zangu wa Kampemba, na ninyi wengine wote mnaopenda kupokea picha kwenye simu na kuzituma mbele kabla hata ya kuzitazama vizuri, nipeni masikio. Nitaeleza mambo yaliyoifika nyumba ya jirani zangu. Nitaeleza kwa hasira kidogo, mnivumilie. Tangu msiba ule nasikia watu wakisema, "Ni mvua tu." Mvua tu! Sikilizeni kwanza, halafu mtaniambia kama ni mvua.

Jumamosi moja, mwisho wa kiangazi, nyumba ya Adalbert ilikuwa na furaha. Yeye alikuwa amerudi kutoka Mokambo, mpakani, ambako huenda kuchukua unga wa mahindi auze hapa mjini. Mke wake Émerance, muuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni, alikuwa uani akisonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa. Binti yao Plamedie alikuwa kwenye cherehani mlangoni, anashona huku anaimba. Harusi yake ilikuwa karibu. Familia ya mchumba wake, Israël, ilikuwa imekwisha kuja kujitambulisha.

Plamedie alikuwa na kifafa tangu utoto. Alimeza dawa zake kila siku, na kuanguka kulikuwa jambo la nadra. Israël alijua, kwani alimwambia mwenyewe tangu mwanzo. Wazazi wa Israël ndio walikuwa hawajajua. Wawili hao walikubaliana kwenda kuwaeleza pamoja, kwa utulivu, kwa sababu mnajua namna watu wetu wanavyoogopa ugonjwa huo, kana kwamba unaruka kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine.

Ndipo akaingia Raoul, amevaa kizibao cha kazi. Ni kijana wa avenyu yetu, amemaliza chuo kikuu, na alikuwa amepata kazi katika mradi wa utafiti. Mradi huo ulilipwa na franka za Leta, za serikali, maana yake franka zetu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mafuriko na, sikieni hii, kuchunguza pia namna ya kulinda siri za watu wakati wa maafa. Kumbukeni maneno hayo.

"Yambo, mama Plame."

"Yambo, Raoul. Karibu. Oh, unavaa gilet sasa! Uko mukubwa!"

Raoul akacheka, akatoa simu ya mradi. "Mama, tunatafuta kujua nyumba yenye iko na muntu hawezi kukimbia maji. Muzee, mugonjwa, mama ya mimba. Maji ikipanda, ba secouriste, batu ba kuokoa, batafika kwake ya kwanza."

Émerance akamtazama mume wake. Plamedie akasimamisha cherehani.

"Na mambo tutakuambia, itaenda wapi?" Plamedie akauliza.

"Itabakia mu projet. Ni confidentiel, ni siri. Hata chef wa avenue hawezi kuona."

"Basi andika," Plamedie akasema. "Niko na kifafa. Maji ikinikuta nimeanguka, siwezi kujiokoa."

Tafadhali msiseme binti huyu alikuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo mtu mwenye akili anauliza, akajibiwa, akaamini. Nyumba yao ikapata alama nyekundu kwenye ramani ya mradi.

Wiki haikuisha. Raoul alimaliza avenyu yetu na alitaka chef ajue kwamba kazi imekwenda vizuri. Akapiga picha ya kioo cha simu ile, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la avenyu. Si kwa ubaya! Kila mtu ananiambia hivyo: si kwa ubaya. Kwenye picha mlikuwa na nyumba zote zenye alama nyekundu, majina, na mbele ya kila jina, ugonjwa. Mama mmoja aliyeficha mimba changa. Mzee mmoja asiyeweza kuzuia mkojo. Na Plamedie: kifafa.

Raoul aliifuta baadaye, alipoanza kupigiwa kelele. Lakini ninyi mlikuwa mmekwisha kuituma kwa madada zenu, kwa watu wa kwaya, kwa wateja.

Shangazi yake Israël alikuja akiwa na picha hiyo mkononi. Hakukubali hata kiti.

"Mama Plame, juu ya nini mulituficha?"

"Hatukuficha, tantine. Batoto balikuwa banataka kuwaambia beye benyewe."

"Simu njo ilituambia. Sisi tunaacha ile ndoa."

Israël alipiga simu jioni hiyo, akalia, akasema atapigania ndoa yake. Akapigana kidogo, akachoka. Wateja wa Plamedie nao wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Plamedie akaona aibu kwenda kuchukua dawa kituo cha afya, kwa kuwa watu walimnyooshea kidole njiani. Akawa anaruka siku bila dawa. Kifafa kikaanza kumwangusha mara kwa mara.

Émerance akavaa kikwembe chake kizuri, akaenda ofisi ya mradi. Alimkuta mkubwa wao, Profesa Ézéchiel, akiwa mbioni kutoka.

"Mama, pole sana. Lakini kwetu données, habari za watu, ziko protégées, zinalindwa. Sasa hivi ninaenda kwenye atelier, semina ya mambo hayo hayo, kule hoteli ya Karavia. Tunaandika mapendekezo."

"Papa Profesa, na mutoto yangu?"

"Yatakuwa ndani ya mapendekezo, mama."

Émerance alirudi, akanisimulia hayo mlangoni kwangu. Watu wanakula kuku hotelini wakizungumza juu ya siri za watu, na mwenye siri hana hata mtu wa kumsindikiza mpaka barabarani!

Kabla ya mvua kubwa mradi ulituma mtu mwingine kuhakikisha majibu. Alikuwa binti mpole anayeitwa Emmanuella.

"Mama, hapa banaandika kuko mugonjwa. Ni kweli?"

"Hakuna mugonjwa hapa," Émerance akasema.

"Lakini, mama..."

"Nilisema hakuna! Futa. Na numéro ya telefone, andika hii." Akampa namba ambayo si yake.

Émerance hakuwa peke yake. Yule mzee alikana. Yule mwenye mimba, ambayo sasa ilionekana waziwazi, alifunga mlango. Avenyu nzima ikadanganya. Emmanuella akaandika alichoambiwa, na nyumba zetu zikageuka za kijani, kana kwamba wote tulikuwa wazima wenye mbio.

Mvua ilinyesha mwezi wa pili, asubuhi yote. Adalbert alikuwa Mokambo. Plamedie alikuwa ameanguka asubuhi hiyo, na kama kawaida yake baada ya kifafa alikuwa amelala usingizi mzito. Émerance alimfunika, akakimbia sokoni kuokoa makayabu yake yasilowe. Akiwa huko, mto ulio nyuma ya nyumba zetu ukafurika. Mradi ulituma ujumbe wa tahadhari, na ujumbe ukaenda kwenye namba ile ya uongo.

Émerance alipofika, avenyu ilikuwa imejaa maji. Vijana wa uokoaji walikuwa na mtumbwi mmoja tu. Mkubwa wao, Désiré, alikuwa ameshika simu yenye ramani.

"Désiré! Mutoto yangu iko mu nyumba! Analala, hasikii!"

Désiré akaangalia ramani. "Mama, kwenu iko vert, kijani. Banasema hakuna muntu wa kusaidia."

"Mimi njo nilidanganya! Mimi! Endeni!"

"Mama, mtumbwi umekwenda nyumba ya chini. Unarudi sasa hivi. Ngoja."

Mama gani angengoja? Aliingia majini, akishika kuta za watu. Alimkuta Plamedie ameketi kitandani, maji yakimfikia kifuani, macho yamefunguka lakini hajui aliko. Akambeba mpaka juu ya meza ya kukatia nguo, karibu na dirisha, akapiga kelele. Kapya, fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara, alikuja na kamba, akamvuta binti kupitia dirishani. Akageuka ampe mama mkono. Ukuta wa matofali ya udongo, uliolowa tangu asubuhi, ukaanguka ndani.

Mtumbwi ulifika muda mfupi baadaye. Émerance alitolewa amekufa.

Kwenye kilio, Adalbert alikaa chini mkekani. Israël alikuja, akakaa nyuma na wanaume. Profesa Ézéchiel naye akaja, akatoa pole, halafu akamwendea Plamedie. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa kamera.

"Binti yangu, tungependa témoignage fupi, ushuhuda wako, na picha moja, kwa ajili ya rapport ya mradi. Jina lako tutalificha."

Plamedie alimtazama sana.

"Jina yangu? Hata mbwa ya hii avenue inajua ugonjwa yangu. Mama yangu alikufa juu alikuwa anajaribu kuficha kitu ninyi mulitoa. Picha hapana. Na mama yangu hamutamuandika."

Profesa akafanya ishara, kamera ikashushwa. Raoul, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja akapiga magoti.

"Yaya Plame, dada yangu, nisamehe. Ile photo nilifuta siku ile ile."

"Ya kwako ulifuta," akasema Plamedie. "Na ya bengine?"

Raoul akainamisha kichwa. Na sisi tuliojaa uani pale, wengi tulikuwa na simu mfukoni.

FUNDISHO

Mtu akikuambia ugonjwa wake ili uweze kumwokoa, amekukabidhi maisha yake. Ukiitoa siri yake nje, hata kwa kujisifu kidogo tu, hata "si kwa ubaya," umemfundisha yeye na majirani zake wote kusema uongo, na siku ya hatari uongo huo utawaua. Ninyi wa miradi, mnaokula franka za Leta: kulinda siri za watu kunaanza kwenye simu ya kijana mnayemtuma, na kosa likitokea, nendeni kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo, mkarekebishe. Wazazi, msiozeshe wala kuvunja ndoa kwa kusoma simu.

Na wewe uliyeituma picha ile mbele: usiniambie ni mvua. Fungua simu yako sasa. Kama bado ipo humo, ifute, halafu uende kwa Plamedie ukampe kazi ya kushona, maana anaishi, na anahitaji kula.