Kamba Kavu Ndani ya Ukuta

Shangazi yangu alikaa Lindi mjini miaka ile saruji iliporudi madukani, enzi za ruksa, na nyumba yake ilipakana na ya fundi Cletus. Haya ninayoyasimulia aliyaona kwa macho yake. Mpaka leo ukimwomba ayarudie, anakwambia kwanza ufunge mlango.

Cletus alitoka Rondo. Alikuwa mwashi hodari, mji mzima ulimjua, lakini mganga hajigangi. Nyumba yake mwenyewe, aliyoinunua ikiwa imeshachakaa, ilikuwa imelowa chini kote. Kwenye ukuta wa chumbani, matofali ya kozi tatu za mwanzo, ile mistari ya chini kabisa, yalikuwa yameliwa na chumvi, ukiyagusa yanamomonyoka. Na ubavuni mwa ukuta huohuo ndipo kilipokaa kitanda cha Maria, binti yake wa miaka minne, kitanda ambacho baba mtu alikichonga kwa kimo cha mtoto. Maria alikuwa akibanwa kifua. Kaka yake alikwishazikwa kwa kifua hichohicho.

"Baba Maria," mkewe Anjelina alimwambia asubuhi moja, "kuta za watu unazitengeneza. Huu wa kwako utanimalizia wanangu."

Maneno yale yalimchoma. Siku hiyohiyo Cletus akashika tindo na nyundo.

Kazi ile ina mwendo wake. Hutoi matofali yote kwa mpigo, ukuta utakushukia. Unatoa moja, unaacha moja, unapaka lami ili maji ya ardhini yasipande, unapachika jipya, kisha unarudia yale uliyoyaacha. Alikwenda hivyo mpaka tofali la sita. Nyuma yake akakuta kigingi cha mti kimezungushiwa kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi.

Tofali lilikuwa likitiririka maji. Udongo umelowa chapachapa. Kamba ilikuwa kavu.

Mwingine hapo angeita watu. Lakini fundi na kamba, jamani! Yake ya kunyooshea kozi ilikuwa imekatika asubuhi ile. Akaikunjua hii, akaona ni ndefu mno, akakata kipande cha kutosha ile sehemu ya kitanda tu. Akakivuta, akajenga huku anaimba. Alipomaliza, kipande kilikuwa kimenasa kwenye saruji. Akakiacha humohumo, akapiga plasta juu.

Siku ya pili ukuta ulikauka. Maria akaacha kukohoa. Anjelina alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Jioni Maria akaacha kula. Kesho yake akaacha kusema, kisha akaacha kufumbua macho. Hospitalini walimsikiliza kifua, wakasema ni safi kabisa. Walimrudisha nyumbani anapumua taratibu, na kila saa taratibu zaidi.

Mzee Abilahi, mchimba makaburi wa msikiti wa mtaani, alikuja kumjulia hali mtoto. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Hakufika kitandani. Alisimama akiitazama ile kamba iliyobaki, imening'inia msumarini.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza, sauti chini.

"Ndani ya ukuta, mzee."

"Hiki ni cheo cha maiti, kipimo chake, mwanangu. Sisi tukimpima maiti kwa ajili ya kaburi, kamba yake inakwenda naye. Hii iliibwa ikafichwa humu kwa ubaya. Mwenyewe hakuondoka nayo, basi inatafuta mwingine wa kumtosha." Akaisogeza kwa ncha ya bakora. "Mbona imekatwa?"

"Nilikata ya kunyooshea kozi."

"Fundi. Umekata urefu gani?"

Wote wawili wakageuka wakakitazama kitanda.

Ee Mungu wangu! Cletus aliuvamia ule ukuta kama mwendawazimu. Alibomoa kazi yake ya juzi kwa nyundo, kwa tindo, mwisho kwa kucha, vidole vinachuruzika damu. Anjelina alikuwa amemkumbatia mtoto anahesabu pumzi. Moja. Kimya. Moja. Kimya kirefu.

Kipande kikapatikana. Cletus akakiunga na kile kingine kwa fundo moja. Akailaza kamba sakafuni, akalala chali kando yake.

"Nipime mimi, mzee."

"Usifanye hivyo, Cletus."

"Mmoja nimeshazika. Nipime!"

Mzee akainyoosha kamba ubavuni mwake. Kamba ilipungua shubiri moja. Cletus alikuwa mrefu.

"Haikutoshi," Anjelina alinong'ona. "Inuka, baba Maria. Tafadhali inuka."

Cletus akakunja magoti. Polepole. Mpaka nyayo zikafika kwenye ncha ya kamba.

Kitandani, Maria akakohoa. Kisha akaomba uji.

Waliirudisha kamba kwenye kigingi chake, nyuma ya tofali la sita. Tangu siku ile Cletus hakunyoosha magoti tena, akawa anatembea kwa kuchuchumaa, na mtoto akimcheka naye anacheka. Alifariki kabla ya masika. Seremala ilibidi alifupishe jeneza, kwa sababu miguu iligoma kunyooka hata baada ya roho kutoka.

Arobaini ilipopita, Anjelina alitaka kamba ile ikazikwe kwa mumewe, mambo yaishe. Shangazi ndiye aliyemshikia tindo. Kigingi kilikuwepo. Kamba ilikuwepo, kavu vilevile. Waliikunjua yote, wakapitisha vidole mara mbili wakilitafuta fundo la Cletus.

Hapakuwa na fundo. Ilikuwa kamba moja, nzima, haijawahi kukatwa.

Maria akaja mbio, akaishika ncha moja acheze. Mama yake alimpiga kofi la mkononi ambalo shangazi analisikia mpaka leo. Hakuna aliyethubutu tena kuibeba makaburini; kamba na tofali vikarudishwa, na kabla ya alasiri mama na mtoto walikuwa wamehama, kitanda wamekiacha.

Nyumba bado ipo. Masika yakija ukuta wote unalowa, isipokuwa mahali pamoja, chini kabisa, palipokuwa na kitanda. Hapo panabaki pakavu, kwa umbo la mtu mzima aliyelala amekunja magoti.