Msiba Haupelekwi Gizani

Jioni hiyo Elisifa alikuwa ameinama kihambani, kwenye shamba linalozunguka nyumba yake, Uru, Moshi, akikata majani ya ng'ombe kabla giza halijaingia kwenye migomba. Simu ikalia mfukoni. Alijua ni nani. Akafuta mkono kwenye kanga, akajikaza kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Brenda, mwanawe wa pekee, alikuwa akitandika vitanda vya watalii kwenye meli kubwa kaskazini mwa Norwei, mahali ambapo Desemba nzima jua halichomozi. Watu wanalipa nauli kwenda kukaa gizani! Elisifa aliposikia hayo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi hakucheka.

"Nipe bibi nimsalimie," Brenda akasema.

"Amelala."

"Mama, kila siku amelala?"

Bibi Eliona alikuwa amelala kweli, hatua ishirini kutoka pale aliposimama Elisifa, chini ya udongo ambao haujakauka bado. Hiyo ilikuwa siku ya tisa. Brenda alilelewa mgongoni kwa bibi huyo, na hakuwa ameambiwa.

Aliyekataza ni Hosea, shemeji yake Elisifa, mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mzee wa mila siku sita zilizobaki. "Msiba haupelekwi gizani, Mama Brenda," alimwambia siku ya mazishi. "Hata jirani tunangoja kuche ndipo tumwambie. Anayepewa habari gizani, marehemu mwenyewe huenda kumthibitishia. Na akienda, harudi mikono mitupu. Subiri mtoto apate jua."

Basi akasubiri. Lakini unasubirije kuche kwa mtu ambaye kwake hakuchi?

"Mama," Brenda akanong'ona, "chumba changu kinanuka udongo. Udongo mbichi... na majani ya migomba. Tuko baharini, mama. Nimedeki mara tatu."

Mundu ukamponyoka Elisifa.

"Na kuna mtu anapitapita koridoni. Anaburuza miguu. Akifika mlangoni kwangu anasimama... anapumua. Nikifungua, hakuna mtu."

"Usifungue tena! Jua mtaliona lini?"

"Keshokutwa, tukifika Aislandi. Wametutangazia litachomoza saa tano na nusu asubuhi. Kidogo tu, halafu linazama."

Siku mbili hizo Elisifa hakulala. Hesabu aliipiga na kuirudia. Tangu Oktoba Brenda alikuwa amemfundisha: chukua saa ya Moshi, toa mbili, unapata saa ya melini. Kwa hiyo saa tano na nusu yao ni saa saba na nusu yetu. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Siku ilipofika akaketi uani, jua likiwa utosini, Hosea pembeni yake. Saa saba na nusu kamili akapiga. Hakutaka kupoteza hata dakika moja, maana hofu ilikuwa imeshamla vya kutosha.

"Mwanangu, kaa chini. Bibi yako ametutoka. Tumemzika hapa kihambani. Nisamehe kwa kukuficha, nilikuwa nasubiri upate jua."

"Mama... jua gani?"

"Si limechomoza? Huko si saa tano na nusu?"

"Ni saa nne na nusu. Jana tumerudisha saa nyuma. Aislandi wako nyuma ya Norwei kwa saa nzima." Akavuta pumzi. "Nje ni giza, mama. Giza totoro."

Hosea akavua kofia. Elisifa akasimama, simu sikioni.

Krrr... krrr... krrr...

Miguu ikiburuzwa, ndani ya simu. Ikasimama.

Ngo. Ngo.

"Washa taa! Washa taa zote!"

"Zinawaka zote." Sauti ya Brenda ilikuwa imekuwa ndogo, ya mtoto wa miaka mitano. "Ananiita, mama. Kwa Kichagga. Anasema ana habari za nyumbani."

Simu ikakatika.

Elisifa alipiga mpaka chaji ikaisha. Kesho yake Brenda akapokea, mzima. Alisema alipitiwa na usingizi, hakumbuki mtu yeyote mlangoni. Akamlilia bibi yake kama mjukuu yeyote, akarudi kazini, akamaliza mkataba wake. Elisifa akapeleka mkungu mzima wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu. Hosea hakuligusa tena jambo lile, na hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa tatu wakaenda kumpokea uwanja wa ndege. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kabla ya masika, lile linalolainisha lami. Brenda akatoka akivuta sanduku lake, amenenepa, amependeza, hakujikwaa popote. Akamkumbatia mama yake. Akampa shikamoo Hosea, baba yake mkubwa. Kisha akainua uso, akalitazama jua moja kwa moja, bila kupepesa.

"Mngeniacha tu nilale hoteli," akasema kwa upole. "Kwa nini mmejisumbua kuja kunipokea usiku huu?"

Hosea akarudi nyuma hatua moja, akanong'ona, "Bibi hakurudi mikono mitupu." Elisifa alitaka kupiga yowe, ila mkono wa mwanawe ulikuwa ndani ya wake, wenye joto, mkono wa mtu aliye hai. Yowe akalimeza.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema. "Uangalie unapokanyaga."